Kidonda cha nani? Kisa cha mgonjwa wa kitanda cha 9

Asubuhi ya siku ya nne mimi na muuguzi mwenzangu tulikuwa tunamwogesha mgonjwa wa kitanda cha 9. Tulimgeuza ubavu wa kushoto, mwenzangu akamshika bega na nyonga, mimi nikawa napitisha kitambaa mgongoni kushuka chini. Nilipofika juu kidogo ya kifandugu, mkono ukasita. Kwa macho hapakuwa na kitu: ngozi nzima, hakuna mchubuko, hakuna lengelenge. Lakini eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto lilikuwa na joto kuliko pembeni yake, tena gumu, halibonyei kama nyama ya jirani. Nikavua glavu, nikanawa, nikagusa tena kwa mgongo wa vidole. Nikamwambia mwenzangu naye aguse. Akagusa, akaniangalia, hakusema kitu. Tulipoleta tochi na kumulika kutoka ubavuni ndipo rangi ikajitokeza: weusi wenye zambarau ndani yake, kama alama ya pigo la juzi.

Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 67 (mambo machache nimeyabadilisha asitambulike). Alikutwa sakafuni alfajiri, upande wa kulia umelegea na maneno yamepotea. Kiharusi. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, uzito kilo 58, na mkojo ulikuwa unamtoka bila yeye kujua. Mapokezi ya dharura alifika saa 3 asubuhi. Wodini tulimpokea saa 2 usiku.

Daktari alipokuja alipaita jina lake: jeraha la tishu za ndani, aina ya kidonda cha kulalia. Kidonda cha namna hii hakianzii juu. Ngozi ni mvumilivu kuliko tunavyodhani. Misuli iliyobanwa kati ya mfupa na godoro ndiyo hukosa damu na kufa kwanza, na taarifa hufika juu baadaye. Kwa kawaida rangi hiyo huonekana saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo wenyewe. Kwa hiyo nilichogusa asubuhi ile kilikuwa habari ya zamani.

Kikao kilikaa siku hiyohiyo, na swali la kwanza likawa lilelile la siku zote: nani alikuwa zamu ya usiku?

Kuhesabu kurudi nyuma

Badala ya kujibu nilichukua karatasi. Tuligundua saa 2 asubuhi, siku ya nne. Ukirudi nyuma saa 72 unafika asubuhi ya siku ya kwanza, mzee akiwa njiani kuja hospitali. Ukirudi saa 48 unafika asubuhi ya siku ya pili. Ndani ya dirisha hilo mna vitu viwili tu: saa 11 alizokaa kwenye machela ya dharura, na usiku wake wa kwanza wodini. Na kabla ya hapo kuna sakafu, ambayo hakuna aliyejua aliilalia kwa muda gani.

Tuanze na machela. Wenzetu wa dharura walifanya kazi yao, na mimi simlaumu mtu: walipima sukari, walimpeleka kwenye picha ya kichwa, walimwekea dripu, walisubiri majibu, walisubiri kitanda. Kila mmoja aliyempitia alikuwa na jambo la haraka kuliko mgongo wake. Machela ina godoro jembamba kwa sababu imetengenezwa ya kubebea mtu, haikutengenezwa ya kulaza mtu kutwa. Zaidi ya hapo, kwa hofu kwamba angepaliwa, waliinua kichwa chake juu sana, karibu akae. Mtu asiye na nguvu upande mmoja, ukimkalisha hivyo, anateleza. Mfupa unashuka, ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka, na mishipa midogo iliyo katikati inavutwa na kujipinda mpaka damu inakoma. Mvutano huo ni hatari kuliko uzito peke yake, na hauachi alama siku hiyo.

Hapa kuna mgongano ambao vitabu vinaupitia haraka. Kwa ajili ya ngozi, kichwa cha kitanda kisizidi digrii 30. Kwa ajili ya mapafu ya mtu anayelishwa kwa mpira, kisipungue 30, na wengi hutaka 45. Muuguzi anasimama katikati akiwa na mshikio wa kitanda mkononi. Baadaye tulikubaliana kwa mzee huyu iwe 30 kamili, magoti yainuliwe kwanza ndipo kichwa, na baada ya kulishwa tukishasubiri kiasi cha saa nzima, kichwa kishushwe. Ni rahisi kuandika. Lakini kitanda chenyewe hakikuwa na kipimo cha digrii, na mwenzetu mmoja alitengeneza cha kwake kwa kukunja karatasi.

Halafu kuna usiku wa kwanza. Chati ya kugeuza ilionyesha saini saa 2, saa 4, saa 6, saa 8, saa 10 na saa 12. Nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba kuanzia saa 7 hadi saa 9 usiku ule wauguzi wote wawili walikuwa kitanda cha 20, ambako mgonjwa alikuwa anatapika damu. Faili la kitanda cha 20 linasema hivyo, dakika kwa dakika. Saini ya saa 8 iliwekwa na nani, kwa mkono upi?

Sikuuliza hivyo kwenye kikao, maana nami nimewahi kusaini hivyo. Kila niliyefanya naye kazi amewahi. Unamaliza zamu saa 1 asubuhi, chati ina visanduku vitupu, na unajua kisanduku kitupu kitakugharimu ilhali saini ya uongo haitamgharimu mtu mpaka kidonda kitokee.

Hesabu ya usiku

Wodi ilikuwa na wagonjwa 26, tisa kati yao hawawezi kujigeuza, na wauguzi wa usiku wawili. Wiki iliyofuata nilipima kwa saa ya mkononi: kumgeuza mtu mmoja vizuri, kubadilisha shuka iliyolowa, kukausha ngozi, kupanga mito na kuangalia visigino huchukua dakika 7, na kunahitaji watu wawili. Tisa mara 7 ni dakika 63. Katika kila dakika 120, basi, zaidi ya nusu inakwisha kwa kugeuza tu, na kwa muda wote huo wagonjwa 17 hawana muuguzi. Bado dawa za saa 6, bado dripu zinazoisha, bado mgonjwa mpya anayeletwa saa 9. Ratiba ya kila saa mbili kwenye wodi ile haikuwahi kuwezekana hata usiku mmoja.

Mwaka 1859 Florence Nightingale aliandika kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, kosa kwa kawaida si la ugonjwa bali la uuguzi. Tangu hapo sentensi hiyo imekuwa fimbo. Wanaoipenda hawageuzi kurasa: katika maandishi hayohayo alisema pia kwamba majengo mabovu na uongozi mbovu mara nyingi hufanya uuguzi usiwezekane. Alilaumu uuguzi, yaani kazi nzima pamoja na hewa, matandiko na mpangilio wake. Sisi tumeisoma kana kwamba alimlaumu muuguzi.

Hata hiyo saa mbili yenyewe si amri ya mbinguni. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada. Wazee waliolala kwenye magodoro ya sponji nzito waligeuzwa wengine kila saa 2, wengine 3, wengine 4, na tofauti ya vidonda haikuwa ya maana. Jambo lililobeba matokeo yale ni godoro. Nikaenda kitanda cha 9, nikaingiza mkono chini ya godoro, kiganja juu, sawa na kiuno cha mzee. Kama sponji inafanya kazi, kati ya kiganja na mfupa unasikia unene wa kutosha, walau sentimita 2 na nusu. Mimi nilisikia mfupa. Juu ya godoro hilo kulikuwa na plastiki, shuka mbili, kitambaa cha kumsogezea mgonjwa na nepi, vyote vimewekwa kwa nia njema ya kuzuia unyevu. Hata godoro zuri ungelivika hivyo lingekuwa ubao.

Fomu iliyojazwa miguuni pa kitanda

Kipimo cha Braden cha kukadiria hatari ya kidonda cha kulalia, kilichotolewa mwaka 1987, kina vipengele sita: hisia, unyevu, shughuli, uwezo wa kujisogeza, lishe, na msuguano. Jumla huenda kutoka 6 hadi 23, na namba ikishuka hatari inapanda. 18 kurudi chini ni mtu wa kuangaliwa. Mzee alipopokelewa aliandikiwa 17, hatari ndogo. Tulipompima upya siku ya nne tulipata 10, hatari kubwa. Hakuwa amebadilika. Fomu ya kwanza ilijazwa na mtu aliyesimama miguuni pa kitanda: unyevu akampa 4, yaani mkavu, kwa kuwa nepi ilikuwa mpya, lishe 4, kwa kuwa familia ilisema alikuwa anakula vizuri nyumbani. Na pale penye "hali ya ngozi" paliandikwa "safi". Mgongo haukugeuzwa kutazamwa. Usiku ule alikuwepo muuguzi mmoja pale kitandani, na kumgeuza mtu kama huyu peke yako ni kujivunja kiuno.

Hata angegeuzwa, sina uhakika tungeona kitu. Tulifundishwa kutafuta wekundu usiofifia ukibonyeza kidole, kwa picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na kufifia hakuonekani pia. Kinachobaki ni mkono: joto au ubaridi usiolingana na pembeni, ugumu au ulegevu, na uso wa mgonjwa unapogusa. Tena mwanga wa taa ya dari peke yake hautoshi. Nimewahi kusoma mafaili ya wagonjwa weusi ambayo kidonda chao cha kwanza kuandikwa kilikuwa tayari hatua ya 2, ngozi imeshafunguka. Hatua ya 1 waliipitia bila shahidi.

Kilichofuata

Siku ya sita eneo lile likatoa lengelenge la damu. Siku ya tisa likawa gaga jeusi, gumu, na daktari akaandika kwamba hatua haipimiki, kwa sababu huwezi kujua kina cha shimo ambalo bado lina kifuniko. Siku ya 13 nyama iliyokufa ikaondolewa. Tukapata kidonda cha hatua ya 3, kilichopita unene wote wa ngozi: urefu sentimita 6, upana 5, kina 2, na kifuko kilichochimba chini ya ngozi kwa sentimita moja na nusu.

Kifuko hicho kilituletea kichekesho. Mahali pake hutajwa kwa uso wa saa, kichwa cha mgonjwa kikiwa pale penye 12. Kilikuwa penye 11. Kwenye ripoti ya asubuhi mmoja akasema "saa 11", jioni mwingine akasema "saa 5", maana mshale ukiwa pale ndivyo Mswahili anavyoisoma saa. Zamu ya usiku wakaandika kwamba kuna kifuko kipya upande wa pili, na daktari akaitwa. Tangu siku hiyo tunachora duara na kuweka nukta.

Kuhusu kusafisha nitasema machache. Salaini, yaani maji safi ya chumvi, inatosha. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua pia chembe changa zinazojenga nyama mpya, lakini peroksaidi inatoa povu, na watu wanapenda povu kwa sababu linaonekana kama kazi. Nilimkuta mwenzangu wa siku nyingi akiimimina, nikamwambia, "Dada, hapo unaosha na nyama mpya." Alininunia siku mbili. Bandeji bora za vidonda zilikuwa zikipatikana wiki moja na kukosekana mbili; zikikosekana tulitumia gozi (kitambaa cha shashi) iliyoloweshwa, ikichelewa kubadilishwa inakauka, na ukiivuta inaondoka na ulichokijenga tangu juzi.

Lishe ndiyo iliyonishangaza nilipoanza kuihesabu. Mtu wa kilo 58 mwenye kidonda kama hiki anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo, yaani 72.5 hadi 87 kwa siku, na nishati kama kilokalori 1,740 hadi 2,030. Nilifuatilia chati ya mpira wa kulishia kwa siku tano. Mlo uliorukwa kwa sababu alikuwa amepelekwa kupigwa picha, mlo uliorukwa kwa sababu mpira uliziba, mlo uliorukwa bila sababu kuandikwa. Alikuwa anapata kama nusu. Tulikuwa tunafunga kidonda kila siku kwa mtu tunayemshindisha njaa.

"Mwacheni apumzike"

Mke wake alikuwa akija kila siku na kukaa mpaka afukuzwe. Siku ya kumi alinishika mkono.

"Mwanangu, mwacheni apumzike. Kila mkimgusa analia."

Ni kweli alikuwa analia. Hakuwa na maneno, lakini machozi na mguno alikuwa navyo, na mkono wa kushoto uliokuwa na nguvu ulikuwa unang'ang'ania chuma cha kitanda tusimgeuze. Jibu ninalosikia likitolewa mara nyingi, kwamba "ni kwa faida yake", halimfikii mtu anayemsikia mume wake akiguna. Nilikaa.

"Mama, ni kweli tunamuumiza. Kosa letu ni kumgeuza kabla dawa haijaingia."

Tukaanza kumpa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kugeuzwa, na nyingine yenye nguvu kabla ya kufungwa kidonda. Na badala ya kumlaza ubavu kamili, ambako mfupa wa nyonga unabeba kila kitu, tukawa tunamwinamisha digrii 30 tu, mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti. Mkono wa kushoto ukaachia chuma.

Mama huyu alikuwa ameleta pete ya mpira yenye hewa ili mzee aikalie, na alikuwa akikanda eneo jeusi kwa mafuta. Mtu amefanya yote mawili kwa upendo, na yote mawili yanadhuru: pete inabana damu kuzunguka shimo lake, na kukanda kunachana mishipa iliyokwisha kujeruhiwa. Sisi wenyewe tulikuwa tumemwekea glavu zilizojaa maji chini ya visigino, mtindo wa kale usio na faida, kwa hiyo sikuwa na pa kusimamia nikamhubirie. Nilichukua mkono wake nikauweka kwanza kwenye ngozi nzima, kisha kwenye ukingo wa kidonda. "Mama, hapa paguse, usipakande. Unasikia joto?" Akasikia. Visigino tukaviinua kwa mto uliolala chini ya mashavu ya miguu, kisigino chenyewe kikielea hewani.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Kikao cha pili hakikuuliza nani alikuwa zamu. Inchaji wetu, muuguzi msimamizi wa wodi, ambaye nitamsifu bila kumtaja, alikubali jambo moja lililoniogopesha: kama mgonjwa hakugeuzwa, iandikwe "hakugeuzwa", na sababu, na asiadhibiwe mtu. Mwezi wa kwanza chati zetu zilikuwa aibu. "Hakugeuzwa, wote wawili tuko na dharura." "Hakugeuzwa, hakuna shuka." Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kupeleka kwa uongozi ambacho si malalamiko. Tulipata magodoro manne na msaidizi wa usiku, siku tatu kwa wiki. Siku nne zilizobaki hesabu ni ileile ya dakika 63.

Wenye hatari kubwa sasa wanageuzwa kila saa mbili, wenye godoro jipya wanaweza kufika tatu au nne, na katikati yake muuguzi mmoja anapita akisogeza mto kidogo, kazi ya dakika moja isiyohitaji wawili. Wapokeaji wa dharura wanaandika saa mgonjwa alipowekwa kwenye machela. Nilitaka pia mgongo utazamwe na watu wawili ndani ya saa ya kwanza wodini. Hiyo imeshika mchana. Usiku bado.

Mzee aliondoka wiki ya saba, kidonda kikiwa chekundu na safi, sentimita 4 kwa 3. Kwenye faili kiliendelea kuitwa hatua ya 3 inayopona, kwa kuwa kidonda hakirudi nyuma hatua. Misuli iliyopotea haioti tena, shimo hujazwa na kovu. Chini ya "mahali kilipopatikana" fomu ina visanduku viwili tu, nyumbani na wodini. Tuliweka alama wodini.

Wiki tatu baadaye walikuja kliniki. Kabla sijafungua bandeji, mama akanivuta pembeni. "Mwanangu, cha mgongoni naona kinafunga. Ila kisigino cha kushoto kina joto tangu jana jioni. Nimekigusa asubuhi, bado." Nikainama, nikavua soksi. Kwa macho hapakuwa na kitu. Nikaweka mgongo wa vidole.

Joto lilikuwepo.